Spea Nilizofunga na Nilizofungua

Bunduki yangu ya Ruger 10/22 niliinunua mwaka 2012, miaka sita baada ya kuhamia Minnesota kutoka Nakuru. Nyumbani bunduki tuliziona mabegani mwa askari basi. Huku, jirani yangu, mzee aliyestaafu ukulima, ndiye aliyenipeleka kwenye uwanja wa shabaha, akanilaza kifudifudi juu ya mkeka na kunipa bunduki yake ya .22. Nilitarajia teke la bega. Halikuja. Palitoka mlio mdogo mkavu, na kwenye karatasi iliyokuwa mita 25 mbele yangu pakaonekana kitundu chembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Wiki mbili baadaye nilikuwa na yangu.

Bunduki hii ilianza kuuzwa mwaka 1964, na risasi yake, .22 Long Rifle, ni ya tangu 1887. Kinachoitofautisha na nyingi ni jinsi ilivyofungwa. Mtutu umeshikwa na skrubu mbili, mtambo wote wa triga na pini mbili, na kitako cha mti na skrubu moja kubwa. Ukishahakikisha haina risasi, unaweza kuifungua yote kwenye meza ya jikoni na kuirudisha kabla chai haijapoa. Marehemu baba yangu, fundi wa baiskeli maisha yake yote, angeipenda kwa hilo peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo, karakana kwa karakana za Marekani zimetengeneza spea zake, hata leo mtu anaweza kujenga 10/22 nzima isiyo na kipande hata kimoja kutoka kiwanda chenyewe.

Mimi nilianzia pabaya. Kitu cha kwanza kununua kilikuwa kitako cheusi cha plastiki chenye mashimo na reli, kwa sababu kilipendeza pichani. Cha pili kilikuwa magazini ya risasi 25 ya kampuni moja ya bei rahisi. Ilikwamisha risasi kila nilipopiga tano au sita, ilhali ile fupi ya kiwandani, yenye gurudumu linalozungusha risasi kumi, haijawahi kunisumbua. Kisha ikaja darubini ya bei ya kutupa. Mwaka 2013 risasi za .22 zilipoadimika madukani kote Marekani, nilikuwa na bunduki iliyojaa mapambo na kiboksi kimoja cha risasi 50. Nikanunua mtutu mzito, mnene karibu milimita 23, nikiamini mtutu ndio utakaonitoa. Matundu kwenye karatasi yalibaki yametawanyika upana wa kisahani cha chai.

Mwaka 2015 nilijiandikisha kwenye mafunzo ya kulenga shabaha ya Project Appleseed, siku mbili mfululizo, mita 25. Unapiga ukiwa umesimama, umeketi au kupiga goti, na umelala, na mtihani wake una risasi 40 na alama 250. Ukipata 210 unaitwa Rifleman. Mimi nilipata 148. Kwenye zamu ya kusimama ule mtutu mzito ulinitetemesha mikono kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

Mwalimu mmoja mama, mwenye sauti ya upole, akaja akachuchumaa karibu nami. Hakutazama bunduki. Alitazama kidole changu. Akaweka sarafu juu ya mtutu, karibu na mdomo wake, akaniambia nivute triga bila risasi ndani. Sarafu ikaanguka. Mara ya pili ikaanguka tena. Ile triga ya kiwandani ilikuwa inadai uzito wa zaidi ya kilo mbili kuivuta, na katikati ya safari yake palikuwa na mkwaruzo kama mlango wa bati. Mkono wangu wote ulikuwa unasaidia kidole, na bunduki inakwenda nao. Kisha akanifunga mkanda wa bunduki wa turubai juu ya kiwiko cha kushoto, akaukaza hadi bunduki na mifupa yangu vikawa kitu kimoja. Nikiwa nimelala, risasi tano zilizofuata ziliingia mahali panapofunikwa na kizibo cha soda. Ule mkanda bei yake haikufika hata robo ya bei ya mtutu.

Tangu siku hiyo nilianza kununua kwa karatasi, si kwa picha. Kabla ya spea yoyote nilijiuliza: risasi zangu zinakwenda wapi, na kwa nini? Triga ilikuwa jibu la kwanza. Nilijaribu kuokoa pesa kwa kufunga seti ya springi laini kutoka kampuni nisiyoitaja, na risasi moja katika kila kumi ikagoma kulipuka. Baruti ya kuwashia ya risasi hizi imo ndani ya ukingo wa ganda, na nyundo dhaifu haiuminyi ukingo huo vya kutosha. Baadaye nikanunua mtambo kamili wa BX wa Ruger wenyewe, unaovutika kwa takriban kilo moja na robo. Kwangu hakuna spea iliyowahi kulipa zaidi ya hiyo.

Jibu la pili lilikuwa kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo la kuchungulia, badala ya ile darubini. La tatu halikuwa spea kabisa: nilinunua viboksi sita vya risasi za aina sita na kupiga zote siku moja isiyo na upepo. Aina moja ya mwendo wa wastani, isiyovuka kasi ya sauti, ilikusanya matundu nusu ya upana wa zile za kasi nilizokuwa nikizipenda. Kila mtutu una risasi yake, na hakuna duka litakalokuambia ipi.

Nilifunga pia pini ya plastiki ngumu nyuma ya bolti, mahali pa ile ya chuma, na ule mlio wa chuma kugonga chuma ukaisha. Mtutu mzito na kitako cheusi nilivivua. Mwaka 2017, nikiwa na mtutu na kitako cha mti vilivyotoka kiwandani, nilipata 214.

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu na ameanza kuipiga nikiwa pembeni yake. Kitako ni kirefu kwa mkono wake, na kilicho kifupi zaidi ndicho kitu pekee ninachotafuta sasa. Wewe unayeanza, usitupe spea yoyote ya kiwandani unayoivua. Baba alizitunza za baiskeli kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, kila moja na karatasi yake. Mimi nilitumia mkebe wa kahawa, na ule mtutu wa kwanza niliuviringisha kwenye taulo chini ya kitanda.