Nyasi zenye mwenyewe

Bariadi, Agosti. Msimu wa pamba umekwisha na moshi unapanda kila upande. Hakuna janga lolote. Wakulima wanang'oa masalia ya pamba na kuyachoma, kama mabwana shamba wanavyowahimiza, ili wadudu wa vitumba wasivuke kiangazi. Kwa hiyo moto huwashwa kwa agizo wakati uleule nyasi zimekauka kabisa.

Upande wa Itilima, baada ya "mwangaluka" na habari za mvua, mzee mmoja alinipeleka kwenye ngitili yake. Ni malisho yaliyofungwa tangu masika, nyasi zinafika kiunoni. Pembeni kuna ukanda wa udongo mtupu, hatua tano hivi, uliolimwa kwa plau na maksai walewale waliolima pamba.

"Moto ukivuka hapa, mwanangu, Oktoba ng'ombe watakula nini?"

Yowe la moto likipigwa, kila nyumba hutoa mtu, na asiyefika atakutana na sungusungu na faini yao.

Desturi ya ngitili ilikaribia kufa. HASHI, mradi wa kuhifadhi ardhi, ulianza 1986, Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilipata kuwa mkoa 2012). Mwanzoni ulihangaika na vitalu vya miche. Baadaye ukagundua kwamba wenyeji walikuwa na dawa yao, ukaifufua.

Nimewahi kupita Marangu pia, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako mambo ni tofauti. Oktoba 2020, moto ulipoteketeza takriban kilomita za mraba 95 za mlima huo, watu hawakukosekana: mamia walipanda kuuzima, wanafunzi wa Chuo cha Mweka wakiwamo. Ila waliitwa moto ukiwa umeshakolea. Ukanda wa nusu maili, wenyeji walikozoea kuokota kuni na kukata majani ya mifugo, uliingizwa ndani ya hifadhi 2005 kwa masharti makali. Nani atafyeka njia ya moto kwenye nyasi asizoruhusiwa kukata? Kweli, mlima una miinuko ambayo hakuna plau itakayoifikia, lakini kinga ya kwanza huanzia chini, kwenye makazi.

Simiyu nako si pepo. Ngitili nyingi ni za familia zenye ng'ombe. Nilipomuuliza mzee ni nani huwasha moto, hakutaja wageni. Alitaja vijana wa kijijini wasio na ngitili, wanaotaka majani mabichi yachipue kwa ajili ya mbuzi wao wachache. Nikauliza kama huitwa kwenye kikao cha kupanga zamu za kulima kinga. Akasema hapana, kikao ni cha wenye ngitili.