Mfumo mpya kwenye kompyuta ya zamani: tuangalie kwanza kumbukumbu



Ndugu wazazi na wanafunzi, tangu Windows 10 iachwe na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja limekuwa likinifuata kila nitokapo darasani: "Ustadh, hizi kompyuta za madrasa tutazitia lini Windows 11?" Wanauliza wanafunzi, wanauliza wazazi, na katika kikao cha kamati mzee wetu mmoja alilisema kama anayeagiza, kwamba mchango upo, fundi yupo, sasa tunangoja nini? Mimi ni mwalimu wa fiqhi na tajwidi, si fundi wa kompyuta. Lakini funguo za chumba kile hapa Buyenzi ziko mfukoni mwangu kwa miaka kadhaa, na kompyuta zote sita nazijua moja moja kama ninavyowajua wanafunzi. Nimeona ni vyema nieleze hapa kwa utulivu kwa nini nilisema hapana kwa kompyuta nne kati ya hizo sita, maana kwenye kikao watu walikuwa wengi na muda ulikuwa mfupi.

Tuanze na neno lenyewe, kumbukumbu. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria mahali pa kuweka mafaili, picha na mawaidha ya sauti. Hapo ni kwenye diski. Kumbukumbu ninayoisema mimi ni RAM, na mtu aliyesoma chuoni ataielewa upesi nikimwambia ni ubao. Diski ni kabati la vitabu, vitu vinakaa humo miaka na miaka hata umeme ukikatika. RAM ni ule ubao wa mwanafunzi: anachokisoma sasa hivi ndicho kilichoandikwa juu yake, na somo likiisha unaoshwa. Umeme ukikatika kompyuta ya mezani inaoshwa palepale, ndiyo sababu wanafunzi wangu wanahifadhi kazi yao kila baada ya mistari michache, nao wanajua nitawauliza.

Sasa mfumo endeshi, yaani Windows au mwingine wowote, nao unaandika juu ya ubao huohuo. Unaandika wa kwanza, kabla ya mwanafunzi, na sehemu yake haifutwi mpaka kompyuta izimwe. Kinachobaki ndicho chetu. Na kikiwa hakitoshi, kompyuta haisemi "nimeshindwa". Inachukua sehemu ya yaliyo ubaoni inaenda kuyaweka kabatini, kisha yakihitajika inayarudisha, na kila safari ya kabatini ni ya polepole mno ukilinganisha na kusoma ubaoni, hasa diski ikiwa ni ya zamani ile inayozunguka. Ile taa ya diski inayowaka bila kupumzika huku kishale kimeganda, ndiyo hizo safari. Mtoto anadhani kompyuta imeharibika, anabonyeza mara kumi, na kila kubonyeza ni kazi nyingine juu ya kazi.

Haya si mambo mapya. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 iliomba MB 64 kwa uchache, na MB 128 ndizo zilizopendekezwa. Ikaja Vista mwanzoni mwa 2007, ikaomba MB 512 kwa toleo la chini na GB 1 kwa matoleo makubwa yenye madirisha ya kung'aa. Wakati ule nilikuwa kijana nikichapa kazi zangu kwenye vyumba vya intaneti hapa mjini, na kompyuta yenye MB 256 ilikuwa ni kompyuta ya kujivunia! Huko Marekani wanunuzi walifungua kesi mwaka huohuo wa 2007 kwa sababu ya stika iliyobandikwa kwenye kompyuta kwamba zinaiweza Vista, kumbe baadhi yake ziliweza toleo dogo tu. Windows 7 ya 2009 ikaomba GB 1 kwa biti 32 na GB 2 kwa biti 64, na Windows 10 ya 2015 ikaomba kiasi hichohicho. Kwa hiyo kwa muda mrefu tulipumzika, tukasahau. Windows 11 ya 2021 ikaja na GB 4 za RAM, GB 64 za diski, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel kwa kawaida huanza kizazi cha nane. Toleo la biti 32 halipo tena.

Na hizi namba, ndugu zangu, ni za kuwaka tu. Mtengenezaji anaposema GB 4 kwa uchache, maana yake ni kwamba mfumo utasimama kwa miguu yake. Hasemi kwamba mwanao atafungua Maktaba Shamila yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu, na Word pembeni, na kivinjari chenye kurasa nane. Kivinjari peke yake siku hizi kinakula kumbukumbu kuliko Windows XP nzima ilivyokula. Jaribuni wenyewe nyumbani: washeni kompyuta, msifungue kitu, mbonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtazame pameandikwa nini kwenye kumbukumbu. Kwenye kompyuta yetu moja ya GB 4 nilikuta zaidi ya nusu imeshatumika na hakuna mwanafunzi aliyekaa kwenye kiti. Kwenye ile ya GB 2 kilichobaki hakimtoshi hata mmoja.

Fundi akasema lipo jambo jepesi, ukaguzi wa prosesa na TPM unaweza kurukwa, na Windows 11 ikaingia hata kwenye mashine isiyotakiwa. Ni kweli, inawezekana. Lakini Microsoft wenyewe wameandika kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata marekebisho. Basi tumefanya nini? Sababu yote ya kuhama ilikuwa ni kupata marekebisho ya usalama. Tutakuwa tumeuza ubao wetu mdogo, na tulichokwenda kukinunua hatuna hakika nacho. Isitoshe kuisimika kwa njia ya kawaida kunataka intaneti na akaunti ya Microsoft, na sote tunajua bando la data linavyokwenda.

Lakini nisieleweke vibaya. Wapo waliofurahi kunisikia wakadhani nasema tukae na ya zamani milele, na hao nao sikubaliani nao. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa, na Microsoft walikuwa wameshatoa dawa yake tangu Machi mwaka ule. Nyingi ya zilizoumia zilikuwa ni Windows 7 ambazo hazikutiwa dawa. Hali kadhalika programu nyingine zinaondoka moja moja: Chrome iliacha Windows 7 mwaka 2023, toleo la 109 likawa la mwisho. Kompyuta iliyoachwa na wenyewe kisha ikaendelea kuingia kwenye intaneti kila siku, na flashi za watoto thelathini zikipita ndani yake, hiyo ni hatari ya wazi. Chumbani mle mna matokeo ya mitihani na namba za simu za wazazi.

Kwa hiyo nilichopendekeza kwa kamati ni kuzitenga, kila moja kwa uwezo wake. Mbili zina prosesa za kizazi cha nane. Hizo ziende Windows 11, lakini ile yenye GB 4 iongezewe ifike 8 kwanza, na itolewe diski inayozunguka itiwe SSD. Mkiniuliza lipi linaonekana haraka kwa macho, ni SSD. Lakini SSD haiongezi ubao, inafupisha tu njia ya kabatini.

Mbili nyingine ni laptopu za mwaka 2013 zenye GB 4. Hizo nataka tuzitie Linux Mint ya Xfce, inayoomba GB 2 na kupendekeza 4, ni ya bure na marekebisho yake yanakuja. Ubaya upo na nausema: Maktaba Shamila imetengenezwa kwa Windows, huko inataka ujanja ili ifunguke, na nyaraka za Word zenye maandishi ya Kiarabu na irabu zake zikifunguliwa kwenye LibreOffice mara nyingine mistari husogea. Mwalimu anayetayarisha mtihani atakasirika. Watoto sidhani. Walishazoea kibodi za Kifaransa wakiandika Kiswahili na Kiarabu, hili halitawashinda.

Mbili za mwisho, zenye GB 2, zibaki na mfumo zilionao, waya wa intaneti uchomolewe kabisa, zitumike kujifunza kuchapa na kusikiliza visomo. Flashi moja tu ya madrasa ndiyo iingie humo, nayo nitakaa nayo mimi.

Mzee wetu aliniuliza, "Ustadh, si bora tununue mpya moja tukamaliza maneno?" Nilimjibu kwa heshima kwamba kompyuta moja mpya kwa watoto thelathini ni foleni, na pia bei ya RAM ilianza kupanda sana duniani mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia. Hakuridhika sana. Kikao kijacho tutaliendeleza in shaa Allah, na mzazi mwenye hoja aje nayo.

Kwa wenye kompyuta za Windows 10 nyumbani, Microsoft waliweka mwaka mmoja wa ziada wa marekebisho ya usalama, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti yao. Kabla ya kumpa fundi pesa ya RAM, mwulizeni mambo mawili: ubao mama unapokea DDR ya namba ngapi, kwani DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na Windows iliyomo ni ya biti ngapi, kwani ya biti 32 haivuki GB 4 hata mkijaza.

Laptopu zetu mbili za 2013 zinapokea DDR3. Mwenye laptopu iliyokufa kioo au batri na ameiweka juu ya kabati, asiitupe. Ailete madrasa Jumamosi baada ya Dhuhuri, tuifungue tuone ina nini.