Mfuko Kiunoni, Harusi Ujiji

Mpenzi msomaji, leo tunaongea mambo ya uvunguni. Kama unakula chipsi mayai, malizia kwanza, nakusubiri.

Mimi choo kikubwa sipati kama wenzangu. Mwaka jana utumbo ulijisokota, nikakimbizwa hospitali. Nilipozinduka, nikakuta kipande cha utumbo kimetolewa nje upande wa kushoto wa tumbo, chekundu kama ulimi, na juu yake umebandikwa mfuko wa plastiki. Madaktari wanaita kolostomi. Ukikigusa hakiumi, ila hakina breki. Kikitaka kutoa kinatoa, uwe sebuleni au msibani.

Kwa miezi kadhaa safari yangu ndefu ilikuwa chumbani hadi bombani. Mara ikaja kadi: binamu yangu anaolewa Ujiji. Kutoka kwetu Tabora hadi Kigoma kwa treni ni kama kilomita 400. Mama akaja juu: "Mwanangu, ukiaibika ndani ya behewa nani atakusitiri?"

Nikamkumbusha kwamba sisi ni Wanyamwezi. Karne ya 19 babu zetu walitembea kwa miguu njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, wengine wakaendelea hadi Ujiji, begani mzigo wa kilo 30 na ushee. Wangu haufiki nusu kilo, tena nabebwa na treni! Mama akacheka, akakubali shingo upande.

Nilijipanga. Mifuko nilichukua mara mbili ya ile ninayotumia, yote ndani ya mkoba wa mkononi, maana begi kubwa likipotea umekwisha. Tundu za kubandikia nilizikata nyumbani kabisa, mambo ya mkasi ndani ya treni ni kasheshe. Chupa mbili za maji, sabuni isiyo na manukato, vitambaa, mifuko ya kutupia. Tangu jana yake maharage, kabichi na soda nilivipa likizo. Si sumu, lakini vinaleta gesi.

Tulipoipita Kaliua usiku, gesi ikaja hivyo hivyo. Mfuko ukatuna kama puto la bethidei. Kanuni ni kuumwaga ukifika theluthi moja, usisubiri ujae ukabanduka. Nikaelekea chooni, mkono mmoja umeshika bomba la ukutani, mwingine unafanya kazi, treni inanesa kama inacheza mchiriku. Nikamwaga, nikasuuza, nikafunga. Dakika kumi, kwisha habari.

Niliporudi, mama mmoja jirani yangu akaninong'oneza: "Binti, unaumwa?" Nikamwambia ukweli. Akakaa kimya kituo kizima. Kisha akasema: "Mdogo wangu anao kama huo. Mwaka wa pili huu hatoki ndani, hata msikitini haendi. Anasema atanuka."

Jamani, nilisahau usingizi. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikamwandikia yote niliyokutajia hapo juu. Nikaongeza: mfuko uliobandikwa vizuri haunuki, kwa hiyo ngozi ioshwe kwa maji na ikauke kabisa kabla ya kubandika, kwani gundi na jasho haviivi chungu kimoja. Kuoga ruksa. Swala aulize shehe wake, asijihukumu mwenyewe.

Nikampa na hadithi moja. Mwaka 1954 nesi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona dada yake Thora akiogopa kutoka nje baada ya operesheni kama hii. Ndipo akabuni mfuko wa kubandika kwa gundi. Maana yake, msomaji wangu, kitu hiki kilibuniwa ili mtu atoke nyumbani. Sasa mtu anavaa mfuko wa kutokea, halafu anajifungia ndani?

Mama yule alishuka Uvinza, karatasi kaifunga kwenye pindo la khanga kama noti ya elfu kumi.

Harusi? Usiulize. Gauni langu halikubana kiuno, na taarabu nilicheza mpaka bibi harusi akaniomba nipunguze.

Mifuko yenyewe huku mikoani kuipata ni shughuli, na bei inauma, sikufichi. Lakini kama kwenu yupo aliyejificha kwa ajili ya tumbo lake, usimnong'one jikoni. Mpelekee ukurasa huu, kisha mwambie avae, mnatoka wote.

Panapo majaliwa, wiki ijayo.