Kwa Wajukuu Zangu, Juu ya Maji na Moyo

Vudee, Same

Wajukuu zangu wapendwa,

Nawaandikia wakati mkono bado unashika kalamu vizuri. Mashamba nimeshayagawa, na wazazi wenu wanaijua mipaka, kwa hiyo habari za mashamba msizitafute humu. Humu nimeweka jambo moja tu ambalo sitaki niondoke nalo.

Mnakijua hiki kivimbe kilicho chini ya mtulinga wangu wa kushoto. Wengi wenu mmekigusa mlipokuwa mkipakatwa, na mmoja wenu aliniuliza kama kuna kiberiti ndani. Madaktari hukiita pesimeka. Watu wengi husema betri ya moyo, na jina hilo linatosha.

Kabla sijawekewa, nilikuwa nachoka bila kufanya kazi. Nikitoka Makanya kupanda huku juu, njia niliyokuwa naimaliza nikiwa na gunia begani, nikawa nasimama kila kona. Kikafuata kizunguzungu. Siku moja nikaanguka ndani ya mfereji, jembe mkononi, nikazinduka maji yakiwa yananipita shingoni. Pale nilipokwenda kutibiwa kwanza niliambiwa ni uzee, nipumzike. Nikapumzika, nikaanguka tena. Hapo majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Shangazi yenu ndiye aliyeyakataa yote mawili. Alikaa kando ya kitanda changu, akaweka vidole viwili kifundoni mwa mkono wangu, akatazama saa yake dakika nzima bila kusema neno. Mapigo 34. Kesho yake alfajiri tulikuwa stendi ya Same tukisubiri basi la Dar es Salaam.

Nawausia hili kwa nguvu zangu zote: mtu akizirai, mhesabieni mapigo kabla hamjamtafutia mchawi. Na mkiambiwa ni uzee tu, ulizeni mara ya pili, mahali pengine.

Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, walinipima umeme wa moyo, nikaelezwa ugonjwa wangu. Nilielewa kwa sababu nimekulia kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Mnajua ndiva yetu inavyofanya kazi: maji yanayoshuka kutoka msitu wa Chome yanajazwa usiku, asubuhi mwenye zamu ya juu anafungua, na sauti inapelekwa bondeni ili wa chini naye afungue mfereji wake kwa wakati. Moyo nao una mwenye zamu juu, anayetoa amri ya kupiga, na una vyumba vya chini vinavyoipokea. Kwangu mimi wa juu alikuwa anafanya kazi yake vizuri, ila njia ya kupeleka sauti ilikuwa imekatika. Vyumba vya chini vikawa vinajifungulia vyenyewe, polepole, kwa kukisia. Kile kifaa kinakaa kinasikiliza. Sauti ikifika, kinanyamaza. Isipofika kwa muda uliopangwa, kinapiga chenyewe kupitia waya uliopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni.

Walinichoma ganzi tu. Nilikuwa macho, nawasikia wakiongea. Waya ulipoanza kazi nilihisi miguu inapata joto, kitu ambacho sikuwa nimekihisi kwa miezi mingi.

Kisha yakaja masharti. Kidonda kisilowane mpaka kikauke kabisa. Mkono wa kushoto usipande juu ya bega kwa wiki 6, kwa sababu waya bado haujashikamana na nyama ya moyo na unaweza kuchomoka. Usikichezee kifaa kwa vidole, maana kikizungushwa chini ya ngozi kinavuta waya. Simu isikae mfuko wa shati wa kushoto. Nikayashika yote. Nikauliza na la mwisho, lile lililokuwa moyoni tangu mwanzo: je, kuogelea? Daktari akasema, ukipona vizuri na tukikupima tukaridhika, rudi majini. Maji hayaingii ndani ya kifaa, kimefungwa kwenye chuma kisichopitisha kitu.

Nilipewa ruhusa, wajukuu zangu, nikakaa miaka miwili bila kuitumia.

Mjue nilichokuwa nimekiacha. Nilijifunza kuelea ndani ya ndiva hii hii, kwa wizi, maana maji yalikuwa ya mahindi na maharage na wazee walituchapa wakitukuta. Sisemi mfanye hivyo. Tope la chini ya ndiva linashika miguu, na mtoto akizama humo hakuna anayemwona. Kuogelea kwa kweli nilifundishwa Tanga, ujana wangu nilipofanya kazi bandarini. Jioni tulikwenda Raskazone, na palikuwa na mvuvi mmoja mtu mzima aliyetufundisha kupumua upande, kukata maji bila kelele. Miaka yote iliyofuata, nilipokuwa na huzuni, nilikuwa naota niko Raskazone.

Halafu nikawa mtu wa kukaa kibarazani. Nikioga, kivimbe nakisugua kwa ncha za vidole kama yai. Mkono wa kushoto niliuficha hata wiki 6 zilipokwisha, bega likakaza mpaka nikashindwa kuvaa shati bila msaada. Daktari alipoliona hilo kliniki alisikitika. Akaniambia bega lile limeharibiwa na woga, kifaa hakina kosa. Kisha akanisimulia habari za Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza duniani kuwekewa kifaa hiki ndani ya mwili, Oktoba 1958. Cha kwanza kilikufa baada ya saa chache, wakamwekea kingine. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20. Akaishi miaka 43 mingine, akawazika mhandisi aliyekitengeneza na daktari aliyempasua, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Niliwaza safari nzima ya kurudi Same. Yule bwana alikuwa na mashine ambayo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuijaribu, akatoka akaishi. Mimi nilikuwa na ya kisasa, na nilikuwa naogopa beseni.

Nilianza na bega: kuzungusha mkono polepole ukutani kila asubuhi, vidole vikipanda tofali moja baada ya jingine. Kisha nikamwomba kaka yenu mkubwa anipeleke Chemka. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko karibu zaidi, lakini lina mamba na viboko. Tulipanda basi hadi Moshi, tukaenda Boma Ng'ombe, tukachukua bodaboda kushuka Rundugai kwenye vumbi lile.

Chemka maji hayachemki. Ni ya uvuguvugu, na yana weupe unaokuonyesha kila kijiwe chini. Nilikaa kwenye mzizi wa mtini, miguu ndani, visamaki vikaja kunidonoa vidole. Nilikaa hivyo karibu nusu saa. Kaka yenu hakunihimiza, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kisha nikateremka. Maji yalipofika kifuani niliweka kiganja juu ya kivimbe, nikasubiri. Moyo ukaendelea. Yakafika shingoni, ukaendelea. Nikalala chali, nikaachia.

Baadaye niligeuka nikaogelea kama chura, maana mtindo huo hauinui mkono juu na hauubani waya kati ya mtulinga na ubavu. Mikono 9, nikashika mzizi. Nililia, na kaka yenu alijifanya anatazama ndege.

Tangu siku ile nimekwenda mara nyingi, na hata mara moja sijaenda peke yangu. Hilo nawausia pia, ninyi wenye mioyo mizima: msiingie majini bila mtu wa kuwatazama. Kifaa changu kinajua kuongeza mapigo kwa kuhisi mwili unavyotikisika, na ndani ya maji mtikisiko ni mdogo, hivyo pumzi huniishia mapema. Nikiona hivyo natoka. Kupiga mbizi kwenye kina kirefu sijaribu, maana vifaa hivi vina kiwango chake cha kustahimili mgandamizo.

Kadi ya kifaa iko ndani ya kopo la bluu juu ya kabati, pamoja na vyeti. Ina aina yake na tarehe kilipowekwa. Nikipelekwa hospitali yoyote, kadi itangulie. Na siku yangu ikifika, asiwatishe mtu kwamba betri itanizuia kwenda. Moyo ukikataa kuitikia, kifaa kitapiga bure mpaka kichoke, nami sitakuwa na maumivu yoyote.

Limebaki moja. Mdogo wenu wa mwisho hajajua kuelea. Desemba nilianza naye Chemka: kisogo juu ya kiganja changu, masikio ndani ya maji, macho kwenye majani ya mtini. Shingo ameshaiachia. Miguu bado anaikaza. Nikiwa sipo, mmalizieni.

Babu yenu