Gari likikataa kuwaka, usikimbilie pampu

Yapo maradhi ya gari ambayo humfilisi mwenyewe, si kwa kuwa ni makubwa, bali kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha kuyapima. Gari linalokataa kuwaka asubuhi ni mojawapo. Boneti hufunguliwa, majirani wakalizunguka, na kila mmoja akatoa hukumu yake. "Hiyo ni pampu!" "La, ni plagi!" Muda si muda mwenye gari yuko Kirinyaga Road, akibembeleza bei ya kipuri ambacho pengine hakihitaji hata kidogo.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kila alipokuwa nyumbani alishinda chini ya gari letu dogo la petroli. Ndiye aliyenifunza, mimi bintiye, kwamba injini ya petroli haina maringo. Ipe hewa, ipe mafuta, ipe cheche kwa wakati ufaao, nayo itawaka. Ikikataa, kazi ya fundi ni kutafuta kilichokosekana, wala si kubahatisha.

Elimu hiyo ilinifaa mapema mwaka wa 2023, wakati wa kufungua shule. Shangazi yangu ni mjane anayesambaza mayai katika maduka ya Eastlands, na gari lake kuukuu ndilo shamba lake. Asubuhi moja lilikataa kuwaka huku trei za mayai zikiwa tayari ndani. Fundi wa mtaani alisikiliza kwa dakika moja, akasema pampu ya mafuta imekufa, na akataka Sh9,000 akanunue nyingine. Pesa alizokuwa nazo Shangazi zilikuwa karo ya mjukuu wake. Alinipigia simu akiwa tayari amezihesabu.

Nilipofika nilimwomba ajaribu kuliwasha. Stata ilizungusha injini kwa nguvu bila kushika. Hiyo tayari ni habari muhimu. Gari likitoa mlio wa "tik" tu au likinyamaza kabisa, mtuhumiwa wa kwanza ni betri au stata, si mafuta. Likizunguka vizuri bila kuwaka, hapo ndipo uulizie mafuta na cheche.

Pili, tulihakikisha kwamba petroli ipo. Usicheke, msomaji. Mshale wa mafuta huharibika, ukaonyesha robo ilhali tangi ni kavu. Shangazi alikuwa amejaza jioni iliyotangulia, kwa hiyo tukaendelea.

Tatu, tulizima redio na kuzungusha ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka, bila kufika kwenye stata. Katika magari mengi ya siku hizi pampu imo ndani ya tangi na huendeshwa kwa umeme. Ufunguo ukifika hapo, hunguruma kwa sekunde mbili hivi, na ukiinama karibu na kiti cha nyuma utaisikia. Tuliinama. Kimya.

Hapo ndipo fundi alipotamka, "Si nimewaambia?" Lakini kimya cha pampu kina sababu zaidi ya moja. Pampu isiyopata umeme hunyamaza sawasawa na iliyokufa. Tulitoa fyuzi yake, waya wake ulikuwa mzima. Kisha tukachomoa rilei, kile kiswichi kidogo kinachoipelekea pampu umeme, tukaazima ya honi iliyokuwa na namba na miguu sawa. Ufunguo ulipozungushwa tena, kiti cha nyuma kikanguruma. Injini ikashika mara moja.

"Kwa hivyo mwanangu, ni hako kadude tu?" Shangazi aliuliza. "Na karo ya mtoto ilikuwa iende na maji?"

Rilei mpya iligharimu shilingi mia chache. Simwiti fundi yule mwizi. Pengine aliamini alichokisema. Lakini hebu fikiria: angefunga pampu mpya, nayo ingenyamaza kama ile ya zamani, na mama wa watu angekuwa hana pesa wala gari.

Je, pampu ikinguruma na gari bado likakataa? Zungusha injini mara kadhaa, kisha mwambie fundi afungue plagi moja. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: huenda chujio limeziba au presha ni ndogo. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na shida huenda ni cheche. Na pampu ikiwa haingurumi ingawa inapata umeme, fundi aweza kugonga tangi kwa upole upande wa chini. Ikiamka, basi iko katika siku zake za mwisho. Hapo sasa nunua mpya.

Usisahau mafuta yenyewe. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini ya tangi, pale pale pampu inapofyonzea. Kuhusu kuchanganya mafuta ya taa, tatizo lilikuwa kubwa hivi kwamba mwaka wa 2018 Serikali ilianzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta hayo ili kuwavunja moyo walanguzi. Gari likianza kusumbua punde tu baada ya kujaza, mweleze fundi ulijaza lini, na uhifadhi risiti. Pia jiepushe na mazoea ya kuendesha tangi likiwa karibu kukauka, kwani petroli ndiyo huipoza pampu.

Jambo moja si la mzaha. Usifungue bomba la mafuta mwenyewe, kwa maana petroli iliyo ndani ina presha hata gari likiwa limezimwa. Sigara, jiko na watoto vikae mbali. Wala usifyonze petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni yaweza kuua.

Si lazima ujue kutengeneza gari. Mafundi wapo, na wengi ni hodari. Lakini kabla ya kufungua mkoba, muulize fundi wako swali moja: "Umepima nini hata ukajua ni pampu?" Fundi wa kweli hatachukia. Atakuita uje usikilize mwenyewe. Kuuliza si ujinga, na mara nyingine ndiko kunakookoa karo.