JANI JEKUNDU SI NUKSI

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu yangu katika imani, kila ikifika Septemba na Oktoba napata swali lilelile kutoka kwa wanaopita nyumbani kwangu hapa Sumbawanga: "Shehe, hiyo miti yako midogo ina nini? Mvua haijanyesha, vilima vimekauka, mbona yenyewe imevaa nyekundu?" Wengine hawaulizi. Wananong'ona tu kwamba mti wa miaka 9 usiovuka goti hauwezi kuwa wa heri. Leo nawajibu wote, kwa sababu jambo hili linaanzia kwenye chungu lakini linafika mbali.

Kwanza, udogo wake. Kulea mti ndani ya chungu ni ufundi uliotoka China. Wajapani wakaukuza na kuuita bonsai, yaani mmea wa kwenye sinia. Siri yake ni mkasi na subira. Unapunguza mizizi, unapogoa matawi, unaelekeza tawi kwa waya laini, unamwagilia. Wangu ni mitundu, katika jamaa ya miombo. Niliiotesha kwa mbegu, nikatia konzi ya udongo wa chini ya mti mkubwa wa porini, kwa kuwa mizizi ya miombo hushirikiana na uyoga wa udongoni kupata chakula chake. Hakuna hirizi mle. Ukipenda, njoo uchimbe.

Pili, wekundu wake. Kule Japani majani huwa mekundu mwaka ukielekea mwisho. Baridi inaingia, mchana unafupika, mti unarudisha chakula chake ndani, ile rangi ya kijani inavunjika, kisha majani yanapukutika. Vitabu huyaita majira hayo vuli, ingawa kwetu Tanzania vuli ni mvua.

Mtundu unakwenda kinyume. Unapukutisha majani makuukuu wakati wa kiangazi, halafu unachipua mapya, mekundu kama shaba, kabla ya tone la kwanza la mvua. Unatumia maji uliyoyaweka akiba shinani na yale ambayo mizizi imeyafuata chini kabisa. Wekundu huo ni wa utoto, si wa kifo. Wataalamu wanaeleza kuwa rangi ile hulikinga jani changa na jua kali mpaka likomae na kuwa kijani. Pita wakati huo kwenye miteremko inayoshuka kutoka uwanda wa Ufipa kwenda Ziwa Rukwa au Ziwa Tanganyika, utaiona miombo ya porini nayo imevaa hivyohivyo. Hakuna aliyeiroga.

Sasa fungua Suratu Fatir, aya ya 27 na ya 28. Mwenyezi Mungu anataja maji yanayoshuka kutoka mbinguni, matunda ya rangi mbalimbali, milima yenye mistari myeupe na myekundu na mingine myeusi sana, kisha watu na wanyama kwa rangi zao. Baada tu ya kutaja rangi, anasema wanaomcha katika waja wake ni wale wenye elimu. Zingatia mpangilio huo, ndugu yangu. Rangi imewekwa mlangoni mwa elimu. Anayeiona akatafuta sababu yake anamkaribia Muumba. Anayeiona akabuni uchawi amebaki nje.

Na Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha hili katika siku ngumu kwake. Alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha mtoto. Angeweza kunyamaza, maneno yale yalimtukuza yeye. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Imepokewa na Bukhari na Muslim.

Ndugu zangu, haya si mambo ya chungu tu. Katika nchi yetu, hasa Usukumani, akina bibi wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Nao wekundu ule una sababu yake: moshi wa kuni, miaka na miaka ya kupuliza moto jikoni ili watoto wale. Na sisi wa hapa, ambao wazee wanatuambia jina la mji wetu maana yake ni kutupa uchawi, bado tunanyoosheana vidole. Anayenong'ona juu ya mti wangu hanidhuru. Namhofia kikongwe anayeishi peke yake jirani naye. Leo ni jani, kesho ni jicho la mama wa mtu.

Basi ukiona kitu kigeni, uliza kwanza. Ukisikia mnong'ono juu ya mzee, uzime hapohapo, usiupeleke mbele. Na ukiona uzuri, ufurahie bila woga. Katika Suratu Nahl, aya ya 6, Mola wetu ametaja uzuri wa mifugo tunapoirudisha jioni na kuitoa asubuhi, akauhesabu kuwa neema pamoja na maziwa na nyama. Mimi baada ya Alfajiri huketi mbele ya vyungu vyangu, jua likipenya katika majani yale mekundu, nikasema Subhanallah.

Ewe Mola, tuonyeshe alama zako kwa jicho la elimu, uwalinde mama zetu wazee na ndimi zetu, na utuletee mvua yenye manufaa. Aamin.