Dozi Mlangoni

Bronx, New York

Mjomba,

Nyumbani wamesikia niko idara ya afya ya jiji, wakadhani nimekuwa daktari. Wewe nikwambie ukweli: kazi yangu ni ileile uliyoifanya kwa pikipiki ulipokuwa mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wilayani, ila mimi napanda treni, na cheo changu ndicho cha chini kabisa. Nabeba dawa begani, namfuata mgonjwa alipo, namwangalia akimeza, naandika.

Asubuhi naanzia kwa mlinzi anayetoka zamu ya usiku. Tunakutana kwenye ngazi za jengo lao, maana mlangoni majirani wana macho. Sivai sare, jirani akiuliza, mimi ni jamaa yake. Anamwaga vidonge kiganjani, anavihesabu kwa lugha ya kwao, anavimeza kwa maji ya chupa. Kisha tunapiga soga, na humo kwenye soga ndimo ninamosikia kwamba chakula hakipiti, macho yamekuwa ya njano, au rangi nyekundu na kijani zimeanza kumchanganya. Hapo nampigia muuguzi kabla sijashuka ngazi. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, nayo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Asiyeambiwa hilo siku ya kwanza huona damu, akaitupa dawa.

Kumbe jiji hili tajiri lilikuwa na hali mbaya. Wagonjwa wa TB waliolazwa Harlem Hospital mwaka 1988 walifuatiliwa baada ya kuruhusiwa na dawa zao: asilimia 89 walipotea njiani. Mwaka 1992 New York iliandikisha wagonjwa 3,811 wa TB, wengine wakiwa na vimelea sugu. Dawa zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuzifuata hadi tumboni.

Na hapa, Mjomba, utacheka. Tom Frieden, daktari aliyepewa kazi ya kuizima TB hiyo, alijifunza kwa Karel Styblo, yule Mcheki aliyeambukizwa TB katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen, kisha akawa mshauri wa mpango wa taifa wa TB huko kwetu Tanzania, ulioanza 1977. Styblo alimuuliza ni wangapi kati ya wagonjwa aliowagundua mwaka uliopita waliopona. Frieden hakuwa na jibu. Wewe ungekuwa nalo, kwa sababu rejista yako ilikudai kila robo mwaka: huyu kapona, huyu kafa, huyu mtoro. Leo na sisi tunakaa hivyohivyo, mgonjwa mmoja mmoja, bosi akiuliza. Wenzangu hapa nilipowaambia utaratibu huu ulipikwa Tanzania, mmoja alidhani natania.

Sheria nayo ipo. Tangu 1993 kanuni za jiji zinaruhusu kumzuilia hospitalini mgonjwa anayekataa matibabu katakata. Kwa ninavyoona mimi, kadi ya nauli na vocha ya chakula zimewaponya wengi zaidi kuliko tisho hilo. Siku hizi wengine humeza mbele ya kamera ya simu. Kwa mwanafunzi ni sawa kabisa. Kwa mzee anayeishi peke yake sipendi, maana kamera haioni jokofu tupu. Mwezi wa Ramadhani baba mmoja wa Gambia alinihamishia ratiba yote baada ya futari, na mkewe hakuniruhusu kuondoka bila kula. Nilinenepa mfungo ule.

Sasa nishauri. Kuna kijana yumo kwenye awamu ya pili, vidonge vimebaki vya aina mbili tu, kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, na simu hapokei tena. Mama yake anasema mwanawe ni mzima, nisimsumbue. Anapofanya kazi napajua, ni saluni ya kinyozi iliyojaa watu kutwa nzima. Nikiingia na begi hili kila mtu atauliza. Nimefikiria kwenda kunyolewa tu, nimwachie saa na mahali pa kukutana. Watoro wa namna hii, walioona wamepona, wewe uliwaanzia wapi?

Mpwa wako